Bwawa Limezinduliwa, Nani Analiangalia Tuta?

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya majuma ya mvua ya masika isiyokatika, tuta la bwawa la Patel kule Solai, Kaunti ya Nakuru, lilipasuka. Maji yaliyohifadhiwa kwa ajili ya shamba la mtu binafsi yaliteremka yakazoa nyumba, mifugo na watu katika vijiji vya Energy na Nyakinyua. Watu 48 walipoteza maisha. Waliokuwa chini ya tuta hawakupata onyo lolote. Habari ilifika pamoja na maji yenyewe.

Yaliyofuata tunayajua. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ilisema bwawa halikuwa na kibali. Seneti ikaunda kamati ya uchunguzi. Julai mwaka huohuo watu 9 wakafikishwa mahakamani Naivasha kwa mashtaka ya kuua bila kukusudia. Februari 2020 hakimu akawaachilia, kisha Mahakama Kuu ikaagiza kesi isikilizwe upya. Mjadala mzima ukawa wa vibali: nani alikuwa nacho, nani hakuwa nacho, ofisa gani alifumba macho. Na kama kawaida yetu, hakukosekana mheshimiwa wa kutukumbusha habari ya ufa na ukuta.

Sina ugomvi na vibali. Bwawa lisilo na kibali halifai kuwepo. Lakini kibali hutolewa mchana, ofisini, mara moja, nalo tuta hukaa nje usiku na mchana kwa miaka 50. Swali ambalo Solai ilipaswa kutuachia, na ambalo hadi leo hatujalijibu, ni dogo kuliko la kibali, na kwa maoni yangu ni zito zaidi: kazi ya kuliangalia tuta lile ni ya nani, na akiona jambo anampigia nani simu huko bondeni? Mimi nasema kazi hiyo ni ya jirani, alipwe kwayo, na bwawa lisilo na jirani wa namna hiyo lihesabiwe kuwa halijakamilika hata kama rais amekata utepe.

Ili hoja hii ieleweke lazima tuelewe bwawa la udongo ni kitu gani. Zaidi ya nusu ya mabwawa makubwa duniani yamejengwa kwa udongo, na silanga zetu za vijijini, yaani mabwawa madogo, karibu zote ni za udongo. Sababu ni bei: udongo uko palepale, na tingatinga likishapanda mlima kazi imeanza. Tuta likijengwa vizuri huwa na kiini cha udongo wa mfinyanzi kinachozuia maji, kimeshindiliwa tabaka kwa tabaka na rola zito lenye meno. Kando ya kiini, upande wa bondeni, hupangwa mchanga na kokoto zilizochekechwa kwa vipimo, ili maji yanayopenya yatoke bila kubeba udongo. Upande wa maji hupangwa mawe makubwa ya kuvunja nguvu ya mawimbi. Upande wa bondeni huoteshwa nyasi. Na pembeni, kwenye ardhi imara, huchongwa njia ya maji ya ziada ili mafuriko yapite huko, yasipande juu ya tuta.

Bwawa la namna hii huvuja. Hilo wengi hawalijui, na wanaolijua hawapendi kulisema hadharani. Hakuna tuta la udongo lisilopitisha maji hata kidogo. Ndiyo maana chini yake huwekwa mfereji wa kuyakusanya. Kinachotofautisha tuta zima na tuta linalokufa ni wingi wa maji hayo na rangi yake. Maji maangavu yanayotoka kwa kiasi kilekile mwezi hadi mwezi ni dalili njema. Maji yaliyochafuka yanasema kwamba udongo wa ndani unaondoka, chembe kwa chembe, na kwamba tundu linajichimba kutoka bondeni kuelekea kwenye maji. Tundu likifika, hakuna tena la kufanya.

Njia nyingine ya kufa ni maji kupita juu. Udongo ulioshindiliwa unaweza kubeba uzito wa ziwa zima lakini hauwezi kustahimili maji yanayokimbia juu ya mgongo wake. Hukatika kama sukari guru kwenye mvua. Kwa hiyo njia ya maji ya ziada ndiyo roho ya bwawa. Lakini ndiyo hiyo watu huichezea. Kwenye mashamba utaona imejazwa magunia ya mchanga ili bwawa lishike maji zaidi kidogo kabla ya kiangazi, au imeota vichaka, au mtu ameifanya kivuko cha ng'ombe, au amepanda mahindi kwa kuwa ni ardhi yenye unyevu na haina mwenyewe. Kila mmoja ana sababu yake nzuri, mpaka mvua ile kubwa ije.

Dalili hizi zote huonekana kwa macho. Pale chini tuta linapokutana na ardhi ya asili, utaona nyasi za kijani mahali ambapo juzi palikuwa pakavu. Utaona tope linalobonyea ukikanyaga. Juu ya tuta utaona mstari wa ufa unaofuata urefu wake, au bonde dogo mahali palipokuwa sawasawa. Utaona mashimo ya fuko na nungunungu, na vichuguu vya mchwa. Mhandisi anayefika mara moja kwa mwaka akiwa na fomu ataziona kama zipo siku hiyo. Mama anayepita hapo kila asubuhi na punda wake wa maji ataziona siku zinapoanza.

Kuna mfano mmoja wa mbali ambao naurudia kila nikiulizwa jambo hili. Bwawa la Teton, jimbo la Idaho nchini Marekani, lilijengwa na idara ya serikali ya shirikisho kwa ajili ya umwagiliaji. Lilikuwa tuta la udongo lenye kimo cha mita 93, na lilikuwa bado linajazwa kwa mara ya kwanza. Tarehe 3 Juni 1976 chemchemi ndogo za maji maangavu zilionekana bondeni. Asubuhi ya tarehe 5, wafanyakazi wakaona maji machafu yakitoka kwenye tuta. Tingatinga zikapelekwa kuziba tundu. Mbili zikamezwa nalo. Kabla ya saa tano asubuhi wakuu wa polisi wa maeneo ya chini walikwisha kupigiwa simu waondoe watu. Dakika chache kabla ya saa sita mchana tuta likavunjika na ziwa zima likaenda.

Miji ya chini iliharibiwa vibaya, na waliokufa walikuwa 11. Bwawa lile lilikuwa kubwa mno kuliko la Solai, na maji yake hayalinganishwi. Tofauti haikutokana na ubora wa tuta, maana Teton lilianguka kabla hata halijajaa, likiwa na vibali vyake vyote na wahandisi wa taifa tajiri. Tofauti ilikuwa jua lililokuwa limechomoza, macho yaliyokuwa yakitazama, na orodha ya nambari za simu.

Sasa turudi Solai. Kwa miaka mingi kabla ya msiba, uhusiano wa shamba lile na majirani wake ulikuwa wa manung'uniko: wa chini walilalamika kwamba mito yao inazuiliwa juu na wao wanabaki na mchanga. Hebu fikiria maana ya hali hiyo kiusalama. Watu wanaoishi karibu kabisa na tuta ndio wasio na sababu ya kulikaribia. Ukuta wa bwawa ni mpaka wa shamba la mwenyewe, na ukiingia wewe ni mvamizi. Ukiona maji machafu yanatoka chini ya tuta la jirani usiyesalimiana naye, utamwambia nani? Bawabu wa langoni? Na hata ukimwambia chifu, chifu atampigia nani? Uhasama juu ya maji na upofu juu ya hatari ni mambo yanayokwenda pamoja. Ndiyo maana naona ni kosa kuzungumzia usalama wa mabwawa kama suala la uhandisi upande mmoja, na mgawanyo wa maji kama suala la siasa upande mwingine.

Mtu atasema Solai ilikuwa shamba la mtu binafsi, na miradi ya serikali ni mambo mengine. Kwa kiasi fulani ni kweli. Bwawa la Thiba, kule Gichugu katika Kaunti ya Kirinyaga, ni kazi ya daraja tofauti kabisa: tuta la udongo lenye kimo cha mita 40 na urefu wa kilomita moja hivi, linaloweza kushika mita za ujazo milioni 15.6, lililojengwa kwa fedha za serikali na mkopo wa Japani na kuzinduliwa Oktoba 2022. Lina mkandarasi anayejulikana, lina mshauri, lina vipimo ndani ya tuta. Sisemi ni hatari, na yeyote atakayesoma makala hii kama uvumi wa Thiba kuvunjika atakuwa amenisoma vibaya. Nalileta kwa sababu linaonyesha sura ya pili ya tatizo, ile ya majirani wanaohesabiwa na wasiohesabiwa.

Maji ya Thiba yanakwenda kwenye mradi wa mpunga wa Mwea, na Mwea ina historia ndefu na ya uchungu. Mifereji yake ya kwanza ilichimbwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa mikono ya wafungwa wa vizuizini. Baada ya uhuru wakulima walikuwa wapangaji wa serikali, kila mmoja na ekari zake chache za majaruba, mchele wote ukienda kwa Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji kwa bei iliyopangwa na bodi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 waligoma, wakauza mpunga wao wenyewe, na kwa miaka kadhaa wakauendesha mradi kupitia ushirika wao. Mtu wa Mwea hahitaji kufundishwa kwamba maji ni mamlaka.

Kilio chao kikuu siku zote kilikuwa kiangazi. Mto Thiba na Mto Nyamindi vikipungua, maji huenda kwa zamu, na zamu ina wenyewe. Aliye mwanzo wa mfereji anafungulia jaruba lake kwanza. Aliye mwisho, kule Karaba, anasubiri akihesabu siku huku mche wa mpunga wake wa pishori ukigeuka rangi. Bwawa lilijengwa ili kukata kilio hicho, ili watu walime misimu miwili kwa mwaka, na ili eneo la mpunga lipanuke kutoka ekari 25,000 hivi hadi 35,000. Hayo ni malengo ya serikali, na ni malengo mazuri. Nchi yetu inakula mchele mwingi kuliko inaolima, na pishori ya Mwea haina haja ya kutangazwa na mimi.

Lakini chukua kalamu. Mita za ujazo milioni 15.6 zikitandazwa sawasawa juu ya ekari 35,000 hutoa kina cha sentimita 11. Mpunga wa jaruba, ukihesabu maji yanayokunywewa na ardhi, yanayopaa na jua na yanayopotea mifereji ikiwa mibovu, huhitaji zaidi ya mita moja kwa msimu. Maana yake ni kwamba bwawa halilimi Mwea. Mto na mvua ndivyo vinavyolima. Bwawa ni akiba ya kuvuka wiki mbaya. Likitumiwa kwa nidhamu linaokoa msimu. Likitumiwa kama vile limemaliza habari ya zamu, litakauka, na mtu wa mwisho wa mfereji atarudi palepale alipokuwa, isipokuwa safari hii atakuwa amepanda mara mbili na kukopa mara mbili. Hesabu hii ni ya dakika tano. Sijui kwa nini haisomwi kwenye mabaraza.

Hao wa majaruba, hata hivyo, wamo kwenye vitabu. Wana sehemu zao, viongozi wao wa mifereji, ushirika wao, na mbunge anayejua uzito wao. Walio juu, kule bwawa lilipo, ndio hadithi nyingine. Huko Gichugu ardhi inapanda kuelekea Mlima Kenya. Watu wanalima chai, kahawa na ndizi kwenye miteremko. Hawalimi mpunga. Waliotoa ardhi walilipwa fidia ya ardhi, na malipo hayo yakishaingia benki, kwa hesabu za mradi jirani huyo amekwisha kazi. Lakini ndiye atakayeishi na ziwa. Ndiye ambaye watoto wake wataogelea humo hata ukiweka uzio. Ndiye ambaye njia yake ya mkato ya kwenda kwa shemeji imefunikwa na maji. Na shamba lake likimomonyoka, udongo wake ndio utakaoshuka na kujaza bwawa la watu wa chini. Anaambiwa apande miti, achimbe matuta, aache kulima ukingoni mwa mto, yote kwa faida ya majaruba ambayo hayamfikishii hata debe la maji.

Murang'a wanaijua hali hii vizuri. Bwawa la Ndakaini, nalo tuta la udongo, lilikamilika mwaka 1994 na linashika mita za ujazo milioni 70 kwa ajili ya Nairobi. Tangu hapo kila uchaguzi una mwanasiasa anayeuliza kwa nini mtu anayeliona ziwa kutoka dirishani ananunua maji kwa mtungi. Ni swali la kampeni, ndiyo, na wanaoliuliza huwa wamelisahau kufikia Krismasi. Lakini halina jibu, na ndiyo sababu halichoshi. Kwa haki niseme pia kwamba Ndakaini ilizaa mbio za kila mwaka za kuchangia uhifadhi wa eneo la bwawa, na watu wa kule walizipokea kwa moyo. Hiyo inaonyesha jirani akipewa nafasi huitikia. Mbio tu, hata hivyo, hazilishi mtu.

Afya niigusie kwa kupita, maana imeandikwa sana. Maji yaliyotulia yenye magugu ukingoni ni makao ya konokono wa kichocho, na kichocho cha matumbo ni mwenyeji wa Mwea tangu zamani. Mbu nao wengi mno, ingawa watafiti wamekuta kwamba wingi wa mbu kwenye majaruba hauzidishi malaria kwa kipimo kilekile, kwa kuwa mbu wa pale hupenda sana damu ya ng'ombe. Kwa bwawa jipya la juu, jambo la muhimu ni rahisi: mahali palipoandaliwa pa kuchotea maji na kunyweshea mifugo, ili watu wasiingie majini kwa miguu. Gharama yake ni ndogo mbele ya gharama ya tuta, na huwa ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti ikibana.

Halafu wako walio bondeni, chini ya tuta, ambao si wa majaruba wala si wa ukingoni. Hawa huonekana siku moja tu. Mei 2024, nchi ikiwa katikati ya mafuriko, Wizara ya Usalama wa Ndani ilitangaza mabwawa na hifadhi za maji 178 katika kaunti 33 na kuwapa wakazi wa karibu saa 24 wahame. Siku chache kabla, tarehe 29 Aprili, makumi ya watu walikuwa wamekufa Mai Mahiu. Mwanzoni watu walisema ni bwawa la juu lililopasuka. Baadaye ikaelezwa kwamba mfereji chini ya tuta la reli ulikuwa umeziba, maji yakajikusanya nyuma ya tuta hadi likakatika. Yaani lilikuwa bwawa la udongo ambalo hakuna aliyejua ni bwawa. Halikuwa na kibali cha kuombwa wala cha kunyimwa. Kama kungekuwa na mtu pale mwenye kazi ya kutazama mdomo wa mfereji ule kila mvua inapokolea, na mwenye nambari ya mtu wa Kamuchiri, kijiji kilichokuwa njiani mwa maji hayo, habari zingekuwa nyingine.

Orodha ile ya 178 iliniudhi kwa namna nyingine. Kama serikali ilikuwa nayo, ilikuwa nayo tangu lini? Mtu wa bondeni alisikia redioni kwamba anaishi chini ya bwawa hatari, akapewa saa 24, hakuambiwa aende wapi, na mvua ilipokatika orodha ikanyamaza. Lile lililokuwa hatari Mei halikupona Julai kwa sababu jua lilitoka. Isitoshe, katika taharuki kama ile mtu huweza kuamuru bwawa lifunguliwe limwagwe haraka, na kumwaga haraka nako kunavunja: upande wa ndani wa tuta, ukiwa bado umelowa, unapoteza egemeo la maji na kuporomoka. Bwawa hupunguzwa polepole, kwa siku nyingi. Jambo hilo haliwezekani kama kazi ya usalama huanza siku mvua imefika shingoni.

Kwa hiyo nipendekeze, na mapendekezo yangu si ya gharama. Kila bwawa la udongo la kutosha kuua mtu liwe na walinzi wa tuta, watu wawili au watatu wa palepale, walipwe kila mwezi. Kazi yao iandikwe: kutembea juu ya tuta na chini yake kila asubuhi, na mara mbili kwa siku wakati wa masika. Kukata nyasi ziwe fupi ili ufa uonekane. Kung'oa kila mche wa mti ungali mdogo, maana mizizi ikioza huacha mabomba ndani ya tuta. Hapa niwaombe viongozi wetu, ambao siku hizi wanapanda miti kila wakiona kamera, wapande mabonde ya juu kadiri wanavyoweza lakini tuta waliache na nyasi zake.

Mlinzi apewe pia mtungi wa lita 20 na chupa ya kioo. Pale maji yanayopenya yanapokusanyika na kutoka kwa bomba, aweke mtungi, afungue saa ya simu yake, aandike sekunde. Kama leo umejaa kwa sekunde 40 na wiki ijayo kwa sekunde 25, mvua haijanyesha na kina cha ziwa hakijabadilika, apige simu kwa mhandisi siku hiyohiyo. Achote maji kwenye chupa, aiweke dirishani usiku kucha. Ikiwa asubuhi kuna udongo umetuama chini, apige simu mara mbili: moja kwa mhandisi, moja kwa bondeni. Vipimo vya kisasa vina kazi yake kwenye mabwawa kama Thiba, na sivibezi. Silanga ya kijiji haina vipimo hivyo na haitapata.

Hiyo simu ya pili ndiyo inayohitaji maandalizi. Bondeni tuna chifu na manaibu wake, tuna wazee wa nyumba kumi, tuna misikiti na makanisa yenye vipaza sauti, na tuna vijana wa bodaboda wanaojua kila uchochoro. Mtandao huo tunautumia kutangaza misiba na harambee. Inatosha kukubaliana mapema: mlinzi akipiga, nani anapiga king'ora, mlima gani watu wanapanda, mzee asiyeweza kutembea anabebwa na nani. Zoezi lifanywe mara moja kwa mwaka kabla ya masika, mchana na tena usiku.

Pesa? Wakulima wa Mwea tayari wanalipa ada ya uendeshaji na ukarabati kila msimu. Mwenye shamba kubwa anayehifadhi maji analipia matumizi yake. Mishahara ya walinzi watatu kutoka kwenye mifuko hiyo haitaonekana hata kwenye bei ya gunia. Ningependa walinzi hao watoke kwenye familia zilizotoa ardhi na zile za bondeni, na jamii hizo zipate bomba la maji ya nyumbani kutoka bwawa lilelile kabla ya tone la kwanza kwenda shambani. Mtu anayekunywa maji ya bwawa atalitazama bila hata kulipwa, na akilipwa atalitazama vizuri zaidi.

Nimesikia pingamizi za aina mbili. Ya kwanza ni kwamba tutazua taharuki, kwamba mwananchi wa kawaida ataona unyevu kidogo na kijiji kizima kihame. Pengine mara moja au mbili itatokea. Watu wa Idaho nao wangehama bure kama tundu lingezibika asubuhi ile, na sidhani yeyote wao angelalamika. Ya pili ni nzito zaidi: kamati za kijiji huliwa. Mwea yenyewe, wakulima walipochukua mradi, mifereji haikutunzwa ilivyopaswa, na pesa za ukarabati zilizua maneno. Hilo siwezi kulikana. Ndiyo maana sisemi kamati ipewe fungu la kujenga chochote. Nasema watu waajiriwe kwa jina, walipwe moja kwa moja kwenye simu, na daftari la sekunde za mtungi libandikwe nje ya ofisi ya chifu kila Ijumaa, kila mpita njia alisome. Daftari tupu wiki mbili mfululizo ni sababu ya kumfuta mtu kazi. Ni rahisi kuiba saruji kuliko kuiba kipimo ambacho jirani yako anaweza kwenda kukirudia mwenyewe na mtungi wake.

Kisheria hakuna kizuizi. Sheria ya Maji ya 2016 inavitambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji katika mabonde ya mito, na kanuni za maji zinayapanga mabwawa kwa madaraja kufuatana na kimo cha tuta na wingi wa maji. Kinachokosekana ni sharti moja kwenye kibali: kwamba hakitolewi wala hakihuishwi mpaka mwombaji, awe mwenye shamba au mamlaka ya serikali, aonyeshe majina ya walinzi wa tuta, risiti za mishahara yao, na orodha ya simu za bondeni iliyojaribiwa mwaka huo. Na ile orodha ya mabwawa 178 itolewe tena sasa, jua likiwa kali, ikionyesha mbele ya kila jina nani analiangalia. Palipo wazi paachwe wazi, ili kila mtu aone ni wapi hapana mtu.